Wakala anasema hoteli, viza inasema nyumba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 29, mzaliwa wa Pangani. Naishi Paje, Unguja, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Kazi yangu ni upishi. Nilisoma VETA Tanga, nikaja huku nikaanza kwa kuosha vyombo kwenye hoteli ya ufukweni, na sasa ndiye ninayesimamia jiko la asubuhi. Siku za wageni wengi nawekwa kwenye samaki. Kazi naipenda. Kinachonichosha ni msimu. Aprili masika yakianza wageni wanakatika, hoteli inafunga vyumba, na sisi tunaambiwa tukae nyumbani mpaka Juni kwa nusu mshahara, mwaka mwingine bila kitu. Wageni wakirudi, miezi miwili ya kwanza ni ya kulipa madeni ya dukani.

Mwaka huu rafiki yangu aliyeko Muscat, Oman, alianza kunitumia picha: ufukwe wa Qurum, barabara zenye mitende, yeye na miwani ya jua. Akanipa namba ya wakala aliye Dar es Salaam. Wakala akasema kuna hoteli inatafuta wapishi wanawake wanaojua vyakula vya pwani, mshahara rial 180 kwa mwezi, chakula na malazi juu yao, mkataba wa miaka miwili. Anataka shilingi milioni mbili na nusu. Mume wangu akauza pikipiki yake ya bodaboda, tukatanguliza laki nane. Zilizobaki anazo mama mkwe.

Wiki iliyopita wakala kanitumia viza kwa WhatsApp. Imeandikwa Kiarabu, na Kiingereza kidogo kilichofifia. Nikampelekea ustadhi anayemfundisha mwanangu, amesoma Sudan. Akaisoma, akairudia, akaniuliza, "Kwani unakwenda kufanya kazi za ndani?" Mwajiri aliyeandikwa ni jina la mtu. Hoteli haipo popote. Nikampigia wakala, akacheka. Eti hiyo ni njia ya kuingilia tu, viza za nyumbani zinatoka haraka, nikishakaa miezi mitatu nitahamishiwa hotelini. Akaniambia uwanja wa ndege nikiulizwa niseme naenda kumtembelea ndugu, na kwamba tutaondokea Nairobi kwa sababu Dar "wanasumbua watu".

Mume wangu anasema niende. Pikipiki imeshauzwa, na nikirudi nyuma namuaibisha mbele ya ndugu zake. Mama yangu analia kwenye simu, anasema Uarabuni wanarudisha watu kwenye masanduku. Mimi mwenyewe, Shangazi, nataka kwenda, na si kwa sababu ya shida peke yake. Sijawahi kuvuka mpaka hata wa Horohoro. Nataka kuingia jiko kubwa, nifanye kazi na wapishi wa nchi nyingine, nikae mahali penye bahari na jua kama hapa lakini Aprili mshahara unaingia. Ni vibaya kutaka hivyo na nina mtoto mdogo? Na huyu wakala, yawezekana anasema kweli?

Mpishi wa Paje

*

Marahaba mwanangu.

Wakala hasemi kweli. Nalitanguliza hilo ili usisome barua yangu yote ukitafuta mlango wa kumwamini.

Niliishi Muscat, mtaa wa Ruwi, na hadithi ya "ingia kwa viza ya nyumbani, utahamishwa" niliisikia kwa mabinti wengi, kutoka Tanga, Pemba, Mombasa hata Kampala. Waliohamishwa walihamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine. Nikueleze kwa nini iko hivyo, maana ukijua fedha zinavyozunguka hutadanganywa tena na huyu wala na mwingine.

Mtu aliyeandikwa kwenye viza yako ndiye kafili wako, yaani mdhamini anayekuleta na kukumiliki kikazi. Ameilipa ofisi ya mawakala kule Oman fedha nyingi ili apatiwe mfanyakazi wa ndani, na ofisi hiyo imemlipa huyu wa Dar sehemu yake. Kwa hiyo wakala wako amekwisha kulipwa au anasubiri kulipwa na upande ule, na milioni mbili na nusu zenu anachukua juu yake. Sasa fikiria mwezi wa tatu unamwambia kafili, "Asante, mimi naenda hotelini." Yeye amenunua miaka miwili ya mikono yako. Atakwambia urudishe gharama zake kwanza, na ukitoka bila ruhusa yake ataripoti kwamba umetoroka. Hapo hata ile hoteli, kama ingekuwepo, isingekugusa.

Sheria nayo iangalie. Mwaka 2023 Oman walitoa sheria mpya ya kazi, na kwa mfanyakazi wa hoteli ni sheria inayosomeka vizuri: saa nane kwa siku na arobaini kwa wiki, siku mbili za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 30 kwa mwaka, kipindi cha majaribio kisichozidi miezi mitatu, na ukimaliza utumishi unapewa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya kazi. Sheria hiyo hiyo imewaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Wao wana kanuni zao za pembeni, na kanuni hizo zinategemea sana moyo wa mwenye nyumba. Utasikia pia watu wakisema siku hizi Oman unaweza kubadili mwajiri. Ni kweli, tangu Januari 2021 mfanyakazi wa kampuni akimaliza mkataba wake anahamia kwingine bila barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani. Anayemaliza mkataba, na wa kampuni. Usilichukue neno hilo ukalibandika kwenye viza ya kazi za ndani.

Ndiyo maana karatasi aliyokusomea ustadhi ina uzito kuliko maneno yote ya simu. (Mpelekee sukari yule ustadhi, amekuokoa.) Kazi iliyoandikwa kwenye viza ndiyo kazi yako mbele ya polisi, mbele ya wizara na mbele ya ubalozi. Hata ungekuwa mpishi wa sultani, ukiandikwa mtumishi wa nyumbani basi ndivyo utakavyohesabiwa, na mshahara utafuata. Mabinti wetu wa kazi za ndani kule mara nyingi hulipwa karibu nusu ya hizo rial 180 ulizotajiwa.

Hilo la Nairobi na la kudanganya uwanja wa ndege sitalizungumza sana. Viza yako yenyewe inasema kazi, halafu unaambiwa useme matembezi. Uongo wenyewe haujapangwa vizuri. "Dar wanasumbua watu" maana yake ni kwamba Dar wanauliza mkataba uliopita ofisi ya kazi, na yeye hana.

Sasa mama yako. Machozi yake yana sababu, wapo waliorudi vibaya na wapo ambao hawakurudi. Lakini nami sitakuchorea Oman kama jehanamu, maana si kweli, na mtu mzima akitishwa kwa jambo ambalo mwenzake anampigia picha akicheka, huacha kusikiliza hata maonyo ya haki. Nilijua mabinti waliokaa kwa familia moja miaka kumi, wakajenga kwao, wakasomesha wadogo zao. Nilijua na waliofungiwa mlango na kunyang'anywa simu. Walipanda ndege moja na walipewa viza ya aina moja. Waliotofautiana ni wenye nyumba. Mtu anayekwenda kwa mkataba wa hoteli naye atakutana na meneja mkorofi, lakini jioni anatoka kwenye lango, anapanda basi la wafanyakazi, analala kwenye chumba ambacho meneja hana ufunguo wake. Hiyo ndiyo tofauti unayopaswa kuililia.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wa pwani. Utafika Muscat umsikie mzee dukani anakuuliza "Umetoka wapi, mwanangu?" kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja hasa. Wapo maelfu kama yeye, familia zilizorudi Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Majumbani mwao kunapikwa wali wa nazi na mkate wa ufuta. Inapendeza mno, nakuambia, siku ya upweke inakutoa machozi. Ila lugha moja haijawahi kuwa mkataba. Nimeona binti akikubali kufanya kazi miezi bila mshahara kwa sababu mama mwenye nyumba alimwita "mwanangu" kwa lafudhi ya Pemba.

Na picha za Qurum nazo. Mwulize rafiki yako zilipigwa mwezi gani. Nakisia Desemba au Januari, na ukweli ni kwamba Muscat ya wakati huo ni raha tupu. Kuanzia Mei joto linapita nyuzi 40, na bahari iliyo mbele yako haikupozi, inakuongezea unyevu. Juni 2018, pale Quriyat, kusini mwa Muscat kidogo tu, ilipita siku nzima usiku na mchana bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Kuanzia Juni hadi Agosti wanaofanya kazi juani wanasimamishwa na sheria saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Jua la Paje unaloliona kali ni la mapumziko ukilinganisha. Kwa mpishi hili lina maana yake: hoteli za Muscat hujaa Oktoba hadi Machi, kiangazi hupwaya. Salalah, kule kusini, mambo yamegeuka. Kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba pepo za kusi huleta ukungu na manyunyu, milima inakuwa kijani, na Waarabu wa Ghuba nzima wanamiminika kukimbia joto. Kwa hiyo msimu unaoukimbia Paje upo na huko, ila mkataba wa mwaka mzima unalipa hata miezi mikavu. Hakikisha ni wa mwaka mzima; Salalah kuna na wa muda mfupi.

Basi, kama kweli unataka jiko kubwa, litafute kwa jina lake. Hoteli kama Al Bustan Palace au Shangri-La Barr Al Jissah ni sehemu ya makampuni ya kimataifa yanayotangaza nafasi kwenye tovuti zao wenyewe, na kuomba ni bure. Unguja pia zipo hoteli za makampuni yenye matawi Ghuba, na njia iliyo salama kuliko zote niliyoiona ni kuingia kwenye kampuni ya aina hiyo hapa hapa, ukafanya kazi mwaka au miwili, ukaomba uhamisho. Ni ya polepole, najua. Tuma maombi katikati ya mwaka, wakati wanajiandaa na msimu wa Oktoba. Cheti chako cha VETA kitahitaji kuhakikiwa na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Oman pale Dar, kwa hiyo anza kukitafuta kiko wapi. Utapimwa afya pia kabla ya kupewa viza, wanaangalia kifua kikuu, homa ya ini na virusi vya ukimwi miongoni mwa mengine.

Ukipewa mkataba, uwe na jina la hoteli na kazi yako iwe ya jikoni, na viza iseme hivyo hivyo. Viza na tiketi anatoa mwajiri. Kazi ya kweli ya hoteli haikuuzishi pikipiki. Soma mshahara wa msingi kando na posho. Wengine wanakuandikia 180 ambamo msingi ni 100 na zilizobaki posho, na malipo yako ya mwisho pamoja na ya saa za ziada yanahesabiwa kwenye msingi. Rial moja ni dola 2.60, haijayumba tangu 1986, kwa hiyo 180 ni kama dola 468, au kwa viwango vya siku hizi shilingi milioni moja na laki mbili hivi. Peleka mkataba ofisi ya kazi ya serikali kabla hujaondoka, uulize kama wakala aliye katikati, kama yupo, ana leseni. Ubalozi wetu uko Muscat. Ondoka na namba yao umeiandika kwenye karatasi, maana simu huibiwa na simu huzimika. Pasipoti ni yako, kitambulisho cha ukazi, wenyewe wanaita bataka, ni chako. Piga picha vyote, mwachie mtu unayemwamini.

Mtu huyo, mwanangu, nisingemchagua upesi kuwa mama mkwe.

Tumefika kwenye mtoto na mume. Umeniuliza kama ni vibaya kutaka kuondoka na una mtoto mdogo. Wanaume wa pwani hii wamekwenda Oman, Dubai na baharini wakiacha watoto wa umri huo kwa vizazi, na sijawahi kupokea barua ya baba akiniuliza kama ni vibaya. Sikuhukumu. Nataka tu ufikiri kwa vitu vinavyoshikika. Akiwa na miaka minne sasa, mkataba wa miaka miwili utampeleka mpaka mlango wa darasa la kwanza. Nani atamlaza, nani atampeleka hospitali usiku, nani atakuwa na simu yenye chaji ili akuone? Kama jibu ni mume wako, aseme yeye kwa mdomo wake. Barua yako yote inaeleza alichouza na aibu atakayopata, sijaona mahali aliposema atamwogesha mtoto. Akaunti ya fedha iwe ya jina lako, na mkubaliane mapema kiasi cha matumizi kitakachotumwa na kiasi ambacho hakiguswi. Nimeona ndoa nyingi zikivunjika kwa sababu ya fedha zilizotumwa kuliko kwa sababu ya umbali.

Kuhusu aibu yake: pikipiki ameiuza kwa nia njema, na usimcheke wala usimruhusu mtu amcheke. Lakini mwonyeshe hesabu. Laki nane ziko hatarini. Milioni moja na laki saba ziko kwa mama yake, hazijaguswa, na kwa hizo anapata pikipiki iliyotumika akarudi kijiweni wiki ijayo. Ukipanda ile ndege, zote zimekwenda na wewe umekwenda. Akishaona hivyo na bado akasema uende kwa viza ile, basi tatizo lako halikuwa wakala peke yake, na hapo niandikie tena.

Yawezekana, baada ya kusoma yote haya, useme kazi za ndani nazo naziweza, bora niende. Ni haki yako. Ila nenda ukijua ni kazi za ndani, kwa wakala mwenye leseni, kwa mkataba uliopitishwa na serikali, ukiwa umeongea kwa simu na mama mwenye nyumba na kumuuliza ni watu wangapi, utalala wapi, simu atakaa nayo nani, na siku ya kupumzika ni ipi. Sauti ya mtu anavyojibu swali la siku ya kupumzika itakupa mengi. Usiende kwa huyu wa Dar hata kwa bei ya kutupa.

Sasa laki nane zenu. Usimtangazie vita. Mtumie ujumbe wa kawaida kabisa wa WhatsApp, umwombe akuandikie jina la hoteli na tarehe utakayohamishiwa. Asipige simu, aandike. Usifute mazungumzo ya nyuma, na zile sauti alizokutumia zihamishie kwenye simu ya mume wako. Chapisha muamala wa fedha mliyotuma, uambatishe na viza. Akiandika lolote kuhusu kusema uongo uwanja wa ndege, lipige picha. Kisha mwende wawili, wewe na mumeo, ofisi ya kazi na polisi. Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na kumdanganya mtu kazi ili asafirishwe imo ndani yake, kwa hiyo msikubali kuambiwa pale kaunta kwamba ni deni la watu wawili wakamalizane. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla hajabadilisha namba.

Shangazi